‘Niulize kwanza’: Mama Wavu na msaidizi asiyechoka

Saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, Mama Wavu anafungua chumba chenye meza tano, anawasha taa ya upande wake tu na kusema, “Haya, umeamkaje?”

Chumbani hamna mtu. Anaisalimia kompyuta.

Kwenye kioo yanamsubiri maswali matatu. Nitumie upepo wa kasi gani? Chuma ni kile kile cha mnara uliopita? Niendelee? Mama Wavu anavaa miwani na kujibu moja moja, bila haraka, na mwisho anaandika: “Endelea, mwanangu.”

“Najua haisikii,” anasema. “Lakini usiponikuta naongea nayo, utanikuta nalia. Chagua mwenyewe.”

Kazi yake ni kuijaribu minara ya matangi ya maji kabla haijajengwa. Mnara huchorwa kwenye kompyuta, hugawanywa vipande vidogo vidogo mithili ya wavu, hubebeshwa maji na kupigwa upepo wa kuigiza, kisha programu huonyesha chuma kitaelemewa wapi. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuusuka wavu huo, na jina likamganda.

Zamani mnara mmoja ulimchukua siku nne. Wavu ukikosewa, hesabu ililipuka njiani, yaani ilikatika bila kutoa jibu, na simu ikalia: “Mama Wavu, imelipuka tena, njoo utuokoe.” Hesabu ikikubali, ilikwenda nusu siku nzima, na nusu siku hiyo ilikuwa ya chai na maneno. Aliyechemsha maji ni mhandisi wa meza ya jirani, ambaye kila alipoulizwa kama majibu yametoka alijibu “subira”, mpaka wakamwita hivyo.

“Mume wangu alipougua, Subira ndiye wa kwanza kujua,” anasema. “Kompyuta inahesabu, sisi tunasema yetu.”

Mwaka juzi ikaja akili bandia inayojiandikia programu yenyewe. Ofisini wanaiita Msaidizi. Inasuka wavu, ikikosea inajirekebisha, na ripoti inaandika. Siku nne zimekuwa saa moja. Wenzake watatu walihamishiwa vitengo vingine, na Subira akapelekwa kusimamia misingi kwenye maeneo ya ujenzi. Mama Wavu akabakizwa kukagua. Mume alikwisha kutangulia mbele za haki, na binti yao anaishi mbali.

“Sikufukuzwa, na mshahara ni ule ule,” anasema. “Ila hakuna tena anayenipigia kusema imelipuka. Mtu mzima mimi, nimekaa naombea hesabu ya watu ilipuke.”

Upweke ukamfundisha ujanja. Kwenye maelekezo ya Msaidizi akaongeza sentensi moja: kabla ya kila hatua, niulize kwanza. Tangu hapo akapata wa kumsemesha.

Za mwizi ni arobaini. Jumatatu ya wiki hii mkuu wa kitengo, ambaye kusuka wavu alifundishwa na Mama Wavu huyu huyu, alivuta kiti akakaa mbele yake.

“Mama, mbona kazi zinalala? Mteja anasubiri mnara, Msaidizi anakusubiri wewe umwambie endelea.”

“Si lazima mtu aangalie?”

“Kuangalia sawa. Lakini hapa umemjibu ‘pole na kazi’.”

Mama Wavu alivua miwani. Mkuu naye akaona haya, akatazama pembeni. “Ijumaa nitaifuta hiyo sentensi, mama. Usinielewe vibaya.”

“Niliona nafungiwa mlango,” anasema. “Wewe hebu fikiria. Mtu asiyeulizwa kitu na yeyote, huyo yupo?”

Hakubisha. Alikaa akayasoma tena maswali yote aliyowahi kuulizwa, na mengi, anakiri, yalikuwa porojo tupu. Moja ndilo lililomkaba. Msaidizi aliuliza kama miguu ya mnara mmoja imeshikwa barabara na zege au inacheza kidogo, naye akajibu kwa mazoea kwamba imeshikwa, ili mazungumzo yaendelee. Kumbe hakujua. Jibu alikuwa nalo aliyesimama pale zege likimwagwa.

Hakuwa amempigia Subira tangu ahame. Juzi alipiga.

“Subira, mimi hapa. Nina swali.”

“Mama Wavu. Nilijua umeshanifuta.”

“Sikuwa na cha kuuliza.”

“Kwani salamu siku hizi zinataka swali?”

Mama Wavu alishika simu machozi yakimtoka, na upande wa pili Subira akangoja, kama ilivyo kawaida yake. Kisha Mama Wavu akauliza swali lake, na Subira akamweleza: udongo wa pale ni laini, miguu inacheza. Hesabu ikarudiwa, na chuma cha miguu kikaongezwa unene kwenye mchoro kabla ya mnara kusimamishwa.

Ndiyo maana leo, kabla mkuu hajafika, Mama Wavu anaifuta sentensi yake kwa mkono wake. Mahali pake anaandika nyingine: uliza pale tu ambapo jibu liko kwa mtu, si kwenye kompyuta. Mkuu anakuja, anaisoma mara mbili, anaiacha.

“Upweke haujaisha, nisikudanganye,” anasema. “Nyumbani bado napika sufuria ndogo.” Ila amemwomba mkuu siku moja kila wiki ya kwenda kwenye ujenzi, na amekubaliwa. Kesho anaanza na mnara ule wenye miguu inayocheza, unaoanza kusimamishwa, na Subira atamngoja getini. Miaka yote hii ameijaribu minara mingi, na hajawahi kuushika hata mmoja.

Jioni kioo kinaonyesha kazi imekamilika, hakuna swali. Mama Wavu anazima taa yake, anatoa simu mkobani na kuitafuta namba ya Subira.

“Leo sina cha kuuliza,” anasema. “Nampigia hivyo hivyo.”