Kuku Aliyekataa Kuatamia

Mimi ni mtu wa kupenda alama. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na nilipostaafu hapa Makueni nikaihamishia kalamu nyekundu kwa kuku.

Kuku wenyewe ni kishingo, wale wa kienyeji wasio na manyoya shingoni. Mwaitu, yaani mama yangu, alinipa jogoo mmoja na matetea watatu kutoka kwake Migwani. Kwetu ukimpa mtoto wako kuku, umemgawia na umejiwekea pia. Ugonjwa ukifagia boma lako, unajua pa kwenda kuchukua mbegu.

Kila asubuhi niliwapima: shingo safi hadi mabegani, upanga wa kichwani uliosimama wima, miguu iliyonyooka, kifua kilichojaa manyoya. Kuku akianza kuatamia nilikasirika. Anajinyonyoa kifua ili mayai yaguse ngozi, anakonda, anarudi na sura ya mgonjwa. Nani atampeleka huyo kwenye maonyesho ya kilimo? Wote walioatamia niliwatoa bandani mwangu, mmoja baada ya mwingine, na mayai nikayatia kwenye mashine ya kuangulia. Mwishowe tetea wangu mmoja akashika nafasi ya kwanza. Cheti nilikitundika sebuleni juu ya picha yetu ya harusi, na mume wangu hajawahi kulalamika kwa sauti.

Kisha kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kikaingia Migwani, na mwaitu akabaki na banda tupu. Alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Niletee mbegu yangu," alisema.

Nilimpelekea mshindi mwenyewe pamoja na jogoo, na sijui kati yangu na jogoo ni nani aliyetembea kwa maringo zaidi. Tetea akataga mayai kumi na mawili kwenye karai la mwaitu lenye majivu na nyasi kavu. Kisha akatoka kuchakura. Mwaitu alimrudisha, akamfunika na kikapu, akangoja. Alipofunuliwa tu, akatoka tena. Mayai yakaharibika yote.

Nilipokwenda kumwona, mwaitu aliniuliza kwa upole, na upole wake huwa mbaya kuliko kelele.

"Hii kuku yako iko na kiburi ya watu ya ofisi. Zile zilikuwa zinalalia mayai, ulipeleka wapi?"

"Niliziondoa, mwaitu. Zilikuwa zinaharibika kifua."

Aliliangalia lile karai.

"Mwana wakwa, mwanangu, mimi nilikupa mama ya kuku. Wewe umeniletea picha."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliifundisha darasani mpaka chaki ikanikausha vidole, na sikuwahi kujiuliza inamhusu nani. Nilirudi nyumbani nikilia, mtu mzima mwenye wajukuu. Mbegu ya mama yangu ilikuwa imekatikia mikononi mwangu, na cheti nilikuwa nimepewa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikwenda kwa jirani ninayeimba naye kwaya. Nilikuwa nimempa kuku mmoja mwenye kifua wazi, nikamwambia huyo ni wa supu. Nilimkuta kuku yule uani, mzima, vifaranga wakubwa wakimfuata.

"Supu gani, mwalimu?" jirani alicheka. "Huyu amenilelea watoto mara nne. Chukua, mimi niko na mabinti zake."

Nikampeleka Migwani. Alitaga, na siku moja hakutoka tena kwenye karai.

Juma lililofuata nilikwenda kumtazama. Alikuwa amejibandika juu ya mayai, macho makali. Kwa mazoea nilipitisha mkono chini yake kukagua kifua. Nikagusa ngozi tupu, yenye joto. Palepale akanidonoa, damu ikatoka.

Mwaitu alicheka kwenye kigoda chake mpaka akashika mbavu.

"Muache, mwalimu. Leo ni yeye anakupima."

Nilinyonya kidole, nikatoka nje nikiwa na furaha ya mtoto aliyepita mtihani.