Mwaka Paskalina Alipowaachia Ndege Mpunga

Wifi yangu Paskalina hasemeshwi kabla hajanywa chai. Kila mtu mtaani kwetu Mlabani analijua hilo, na ndiyo maana nilicheka niliposikia amejiandikisha halmashauri kulea watoto wa watu. Nilimwambia waziwazi, "Wewe? Watoto watakukimbia." Akasema nisubiri nione. Mimi ni Balbina, dada wa marehemu mume wake Evod, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na nimemsema miaka mingi bila kuchoka.

Halmashauri ilikuwa inatafuta familia za kuaminika, yaani nyumba za kumpokea mtoto kwa dharura, awe amepotea au ametelekezwa au amefiwa, akae hapo mpaka ndugu zake wapatikane. Mkutanoni tulijaa. Afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja mpole anayeitwa Bryson, alipoeleza kwamba hakuna mshahara, ni unga na sabuni na matibabu ya mtoto tu, watu wakakumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria jikoni. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Wifi akabaki.

Wakaja kumkagua. Waliangalia choo, wakaangalia chandarua, chumba cha mtoto, na mlango kama unafungika. Wakauliza majirani kama anakunywa pombe. Nikawaambia hanywi, ila ana mdomo. Mwisho akasaini mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa na masharti mengi ambayo Bryson alimsomea moja moja. Mtoto alale kwenye nyumba iliyokaguliwa. Mtoto asifanyishwe kazi. Mtoto asipigwe. Kwa hilo la mwisho wifi alikunja uso, lakini akasaini.

Watoto wakawa wanakuja na kuondoka, na sikumwona hata mmoja aliyemkimbia. Nilikosea, basi yaishe.

Mwaka huu, mpunga ukiwa umeanza kuchanua, Bryson akamletea Tekla. Alikuwa na miaka kama mitano hivi. Mama yake alikuwa amepanga chumba Katindiuka, akaugua, akafia hospitali, na hakuna jirani aliyejua kwao ni wapi. Majirani walijitahidi. Huyu alimlaza wiki, yule siku chache, mwingine akamrudisha kwa wa kwanza, mpaka mtendaji wa mtaa akapeleka habari ustawi. Mtoto alifika kwa wifi na mfuko wa nguo ambao hakutaka uwekwe kabatini. Alilala amevaa ndala. Wifi akimvua, anaamka na kuzivaa tena, halafu analala huku ameukumbatia mfuko wake. Hakulia wala hakusumbua. Alikuwa amejiweka tayari kuondoka, na mimi nilipomwona hivyo nilishindwa kumaliza chai yangu.

Wifi alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Hapa huondoki mpaka tumpate ndugu yako. Umesikia? Hupelekwi kwingine." Mimi nikamvuta pembeni nikamuuliza kwa nini anaahidi asichokuwa na uwezo nacho. Akaniambia niende nikafue.

Sasa, bondeni kwetu mtu ana nyumba mbili. Kuna ya mjini, halafu kuna dungu la shambani, kile kitanda cha miti juu ya nguzo, chenye paa la nyasi na ngazi ya kupandia. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea wanashuka kama wamealikwa, na mji unapungua watu. Kila mwenye jaruba la mpunga anahamia huko kuamia, yaani kufukuza ndege, na watoto tunawachukua. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye dungu, na Evod naye. Kwa hiyo msimu ulipofika wifi alifunga nyumba kwa kufuli, akampakia Tekla kwenye bodaboda, akaja shambani upande wa Namawala, ambako jaruba lake na langu yamepakana. Wala hakujificha. Alimwambia jirani anakokwenda. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba amevunja mkataba, na mimi pia haikunipitia.

Nitasema ukweli, mtoto alifurahi. Tulipiga madebe, tukapayuka, na yeye akapayuka na sisi, sauti ambayo hatukujua kama anayo. Siku moja niliangalia juu ya dungu la wifi nikaona ndala zimevuliwa ziko pembeni, na miguu mitupu inaning'inia. Nikaendelea kupiga debe langu, maana vitu vingine ukivisemea vinaharibika.

Bryson akatokea mchana mmoja, matope mpaka magotini, viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Nimekuta kufuli nyumbani, mama. Nimepata hofu."

"Hofu ya nini na sisi tuko huku? Panda ukague. Hii nayo ni nyumba yangu."

Nikadhani atakasirika, lakini alipanda kweli. Akatikisa nguzo. Akaangalia upande usio na ukingo, akaangalia maji yaliyotuama chini, akaangalia debe mkononi mwa mtoto. Halafu akakaa, akauliza taratibu, "Mama Paskalina, ungekuwa wewe ndiye mimi, na mtoto huyu umekabidhiwa na serikali, hapa ungesaini?"

Wifi ana majibu ya kila kitu. Safari hii aliutazama ule upande usio na ukingo, akasema, "Nisingesaini."

"Basi leo alale mjini. Kama wewe huwezi kuacha shamba nakuelewa, msimu ni msimu, na hakuna atakayekulaumu. Kesho gari linakwenda Morogoro. Nitampeleka kwenye makao ya watoto akae huko wakati tunawatafuta ndugu zake."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Tekla alisikia neno "nitampeleka". Akaweka debe chini. Akasogea pembeni, akavaa ndala zake, mguu mmoja kisha wa pili, akachukua mfuko wake, akasimama kwenye ngazi kusubiri. Hakumwangalia wifi. Hakumwangalia yeyote. Mtoto wa miaka mitano anasubiri kupelekwa kama mtu mzima anayesubiri basi.

Wifi akainuka. "Twende mjini," akamwambia mtoto. "Mimi na wewe." Akanigeukia. "Wifi, niangalizie mpunga."

Nikamjibu kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kweli, "Nitaangalia wangu! Mimi nina koo moja. Wako ndege wataula, na mwaka mzima utakula ahadi!"

"Wataula, basi," akasema, akashuka.

Nilijaribu. Nilikimbia toka jaruba langu mpaka lake, nikapiga debe mpaka mkono ukavimba, na sauti ikakauka nikawa naongea kama jogoo mgonjwa. Ndege si wajinga. Nikiwa huku wako kule. Nikienda kule wanahamia huku, na hata hawana haraka. Kila nilipoona kundi linatua kwenye mpunga wa wifi nilimtukana wifi, nikamtukana Bryson, nikawatukana na ndege. Hatimaye nikachagua wangu, maana mimi nami nina tumbo.

Jumapili moja nikakata masuke kwenye jaruba lake, nikayafunga kwenye kanga, nikaenda nayo mjini. Nilitaka ayaone. Nilimkuta barazani anamsuka Tekla. Nikayamwaga masuke miguuni pake, mapepe matupu, hakuna hata punje ya kumpa kuku. Aliokota moja, akaliminya kwa vidole, akalirudisha chini.

"Wameula vizuri," akasema. Akaendelea kusuka.

Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Lakini mtoto akasema, "Bibi, unavuta," na wifi akamwambia, "Samahani, mama." Tangu nimjue sijawahi kumsikia akiomba samahani. Hata Evod hakuwahi kuipata.

Bryson kwa upande wake hakulala. Aliuliza kwenye kambi za wakata miwa alikowahi kufanya kazi marehemu mama yake Tekla, akapata jina, jina likampeleka Mlimba, na Mlimba akampata mama mdogo wa mtoto, Ritha, muuza samaki wa kukaanga, ambaye hakuwa hata na habari kwamba dada yake amefariki. Alifika Mlabani akilia, na begi tupu la kubebea nguo za mtoto.

Wifi akamkatalia. Alimwambia, "Karibu mwanangu, pole sana kwa msiba. Leo kula. Leo lala. Mtoto humchukui leo." Bryson akasema karatasi zote zimekamilika. Wifi akasema karatasi zinaweza kwenda Mlimba hata sasa hivi, mtoto bado. Ritha akalala. Akaondoka, akarudi tena na samaki, akamwogesha Tekla, akamsimulia habari za mama yake walipokuwa wadogo. Akaja mara nyingine. Safari hiyo Tekla alimsubiri barabarani tangu asubuhi, na alipomwona alimkimbilia.

Siku ya kuondoka nilikuwepo. Nilikuwa nimeshamaliza kuvuna wangu, na gunia la kwanza nilimletea wifi, maana nifanyeje, ni wifi yangu. Bajaji ya kwenda stesheni ikasimama mlangoni. Tekla akapanda haraka kabla ya mama yake mdogo, akamuuliza kama huko Mlimba kuna paka, na kama paka wanapewa vichwa vya samaki. Wifi akamshika shavu. Mtoto akasema, "Kwaheri bibi," akaendelea na habari za paka. Bajaji ikaondoka. Nikangoja ageuke apunge mkono. Ikapita dukani, ikakata kona.

Damu ikanichemka. "Hata kugeuka! Umeacha mpunga wa mwaka mzima kwa ajili yake, na hata kugeuka hakugeuka!"

Nikamwangalia wifi. Machozi yanamtiririka, na anacheka.

"Unamkumbuka Wiliam?" akaniuliza. "Yule mtoto wa kwanza niliyeletewa. Baba yake mkubwa alikuja asubuhi, nikamkabidhi mchana uleule. Yule aligeuka, wifi. Aligeuka mpaka sikumwona tena, ananiangalia, kwa sababu hakumjua aliyemchukua na hakujua anapelekwa wapi. Mpaka leo ananiangalia." Akajifuta macho kwa kanga. "Huyu hakugeuka. Umemwona? Hakugeuka hata mara moja."

Nami niliyekuja na hasira ya mpunga nikamshika bega, nikalia naye pale barazani, kwa furaha.