Mtu Aliyenunuliwa na Rafiki Zake

Walisema sitamaliza hata mkataba wa kwanza. Mjomba wangu alisimama kwenye harambee ya kunisafirisha akatangaza kwamba mtu mwenye diploma hawezi kubeba maboksi kwenye lile jua la Riyadh, na kwamba ningerudi kabla ya mahindi kuvunwa. Kaka yangu akaongeza: "Huyu akiharakishwa kwa yalla mara mbili, ataomba kuonana na meneja." Watu wakacheka. Nilimaliza ule mkataba, nikaongeza mwingine, nikarudi nikajenga nyumba ya mawe inayoonekana toka barabarani. Haya nayaandika nikiwa kwenye baraza yake.

Diploma yangu ni ya ugavi na usimamizi wa ghala. Niliisomea jioni, baada ya kazi, na ada nilijilipia. Riyadh nilipelekwa kwenye ghala la vigae na mabomba huko Al-Sulay, kupakua malori. Uzito haukunisumbua. Kilichonisumbua ni mpangilio: mabomba ya inchi moja yalilala juu ya yale ya inchi mbili, na kila oda ilianza kwa kutafuta. Ningeipanga stoo ile kwa wiki. Hakuna aliyeniuliza.

Siku ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Tulipanga chumba mtaa wa Al-Shumaisi, mimi na walinzi wawili kutoka kwetu, na wa nne alikuwa dereva wa nyumbani. Yeye alilala kwa bosi wake lakini Ijumaa mchana alikuja kula ugali. Walipika kwa zamu. Mimi nilisamehewa jiko kwa sababu nilikuwa na kitabu kwenye simu, cha Kiingereza, nacho niliwasimulia kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Kilikuwa maisha ya mtu aliyezaliwa mtumwa Marekani, akajifunza kusoma kwa kificho, akatoroka, akawa mpinzani mkubwa wa utumwa. Aliyaandika mwenyewe.

"Ngoja," dereva aliniambia Ijumaa moja. "Ametoroka, yuko salama. Mbona anamtaja bosi wake kwenye kitabu? Si ni kujichoma?"

"Alikuwa akihutubia mikutano, na watu hawakuamini kwamba mtumwa anaweza kuongea vile. Ikabidi ataje majina na mahali, kwenye kitabu chake cha kwanza. Hiki ni cha baadaye."

"Na bosi akasikia?"

"Akasikia. Jamaa ikabidi avuke bahari, asikamatwe."

"Nilijua! Mdomo, bana."

Ijumaa iliyofuata niliwaeleza jinsi rafiki zake wa ng'ambo walivyochanga, wakamlipa yule bwana, na mtu wetu akapewa karatasi ya uhuru. Mlinzi mmoja akasema hata yeye angelipa, mambo yaishe. Dereva akasukuma sahani. "Umlipe mwizi akurudishie wewe mwenyewe?" Nikamwambia kwamba hata enzi hizo baadhi ya wenzake katika harakati walimlaumu hivyo hivyo. Alifurahi sana.

Sikuwaambia kwamba sisi ni watumwa. Mimi nilikuwa na mshahara na sahihi yangu kwenye mkataba. Yule alikuwa na alama za mjeledi mgongoni. Anayechanganya mambo hayo mawili hajasoma.

Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha, kampuni moja ya Jeddah iliona diploma yangu ikanitaka niwe msimamizi wa stoo. Kwa tulivyojua, huhami bila karatasi ya ruhusa ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Msimamizi wetu wa ghala alisema kafili huitoa, ila kwa pesa. Nilipowaeleza wenzangu, hawakubishana. Walichanga, hata dereva.

"Sisi ndio wale wa ng'ambo," alisema, akinipa noti. "Usipotulipa tutaandika kitabu, na jina lako tutalitaja."

Nikampa msimamizi pesa. Akasema bukra, yaani kesho. Siku iliyofuata ikawa bukra tena.

Mwishowe nilipanda lori la mzigo wa Jeddah, nikafika ofisini kwa waliotaka kuniajiri. Karani wa ajira alikuwa mwanamke wa Unguja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka yangu, hiyo karatasi umeinunua kwa nani?"

"Kwa kafili, kupitia msimamizi."

"Haiuzwi siku hizi. Ukishatimiza mwaka, sisi twatuma ombi, wewe wakubali kwenye simu yako, watoa notisi, basi. Huyo kafili pengine hata hajui kama umelipa."

Miaka ile nchi nzima ilikuwa inabadilika. Wanawake walishaanza kuendesha magari. Lakini sisi chumbani tuliishi kwa maelekezo ya waliotutangulia, nao walikuwa wamerudi nyumbani na sheria ya zamani vichwani. Niliporudi Al-Sulay nikadai pesa, msimamizi alinijibu, "Mafi fulus. Halas." Hakuna pesa, imekwisha hiyo.

Uhamisho ulipita bila karatasi yoyote. Stoo ya Jeddah niliipanga hivi kwamba mtu mgeni angeweza kupata nati gizani, na waliniongezea mshahara bila kuombwa. Nilipotosheka na akiba, nilipanda basi hadi Riyadh, nikafika Al-Shumaisi Ijumaa, ugali ukiwa mezani. Niliwalipa walinzi kwanza. Dereva akawa wa mwisho.

"Na mimi, hiyo sheria?" aliuliza.

Nilikuwa nimeisoma yote. Nikamwambia madereva wa nyumbani hawamo.

Alizitia pesa mfukoni bila kuzitazama. "Basi malizia kitabu. Jamaa alipata karatasi yake, halafu?"

"Akarudi Marekani. Akaanzisha gazeti la kupinga utumwa."

"Gazeti la nini tena? Mambo yake si yalikuwa yamekwisha?"

"Yake, ndiyo."

Alikuwa anataka kusema kitu, simu yake ikalia. "Naam, madam. Nakuja, madam." Akanawa mikono, akachukua funguo za gari, akatoka. Ugali wake tulimfunikia.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na deni la mtu yeyote.