Mjomba Sefu Aliposema "Lile Lile"

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyovaa joho la chuo. Nilisimama kwenye nyasi nje ya nyumba ya kulelea wazee kule Mount Druitt, simu sikioni, nikimtazama mjomba wangu Sefu kupitia kioo cha dirisha. Ilikuwa miaka ya korona. Wageni hatukuruhusiwa kuingia. Yeye alikuwa upande wa ndani, kwenye kiti cha magurudumu, naye ameshikiwa simu. Tulikuwa karibu kiasi kwamba mvuke wa pumzi yangu ulimziba uso, nikawa naupangusa kwa mkono wa koti.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua sijaota mvi, na najua mama yako hunitania kuwa nina uzee wa mawazo tu. Lakini mama yako ni dada yangu, na siku alipokuzaa alinipandisha cheo bila kuniuliza. Mjomba ni mjomba hata akiwa kijana. Juzi uliniuliza kwa nini gari lile lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba yetu hapa Guildford siliendeshi wala siliuzi. Nilikujibu kwamba betri imekufa. Betri ni nzima. Kaa nikueleze.

Gari lile lilikuwa la Mjomba Sefu, kaka yake bibi yako. Alitoka Tanga akiwa kijana, akafanya kazi karakana ya treni hapa Sydney mpaka mgongo ukagoma. Kitu pekee alichojinunulia kwa anasa ni gari hilo: la zamani, la milango minne, rangi ya chai ya maziwa, injini ya silinda nane. Wenyeji wa huku huyaita magari ya misuli. Ukiliwasha, vikombe vya jirani vinatetemeka kabatini. Kila Ijumaa alilifukiza udi, akafunga vioo ili moshi ukolee vitini, kisha ndipo akaenda msikitini.

Sasa, kiwanda kilichotengeneza gari hilo kilitengeneza pia ndugu zake wachache wa mashindano, rangi ya kijani cha limau na mistari myeusi, boneti ina tundu la kuvutia hewa. Hayo watu wa huku huyaheshimu kama masalia ya watakatifu. Mjomba alikuwa na picha ya moja, kaikata kwenye kalenda, na alipohamia nyumba ya wazee aliibandika ukutani juu ya kitanda. Ukimuuliza, alicheka.

"Hili langu na lile ni ndugu wa tumbo moja," alikuwa akisema. "Ila lile limesoma."

Alisema hivyo akinitazama mimi, nilipokuwa nimemaliza shahada na sina kazi. Mzee alikuwa na ulimi.

Gari lilibaki kwetu. Mwaka wa pili wa korona kutu ilikuwa imekula madigadi ya mbele, yaani mabati yanayofunika magurudumu, na sakafu upande wa dereva. Nikalipeleka kwa Yusufu, fundi bodi Mwiraki mwenye gereji Fairfield. Alizunguka mara moja, akapiga goti, akagonga chini kwa kucha. Akaniambia njia ni mbili. Ama tulinyooshe kama lilivyokuwa, kiraka kwa kiraka, na tutafute madigadi ya zamani ambayo huenda hayapo tena duniani. Ama tulifanye replika, yaani mwigo wa lile la mashindano: yeye alikuwa na uso mzima wa mbele wa aina hiyo, boneti yake na spoila, lile bawa la nyuma, vya mteja mmoja aliyeghairi. Lakini kulifanya replika kulitaka kukata. Kukata sehemu ya mbele, kutoboa, kubadilisha viti na dashibodi.

"Kata ni kata, habibi," aliniambia. "Ukinipigia kesho kulia, mimi sina sindano ya kushonea bati."

Na kulikuwa na mtu mwingine aliyevitaka vifaa vile, kwa hiyo nisikawie kumjibu. Nikaliacha gari kwake.

Hilo ndilo nililokwenda kumuuliza mjomba dirishani. Gari lilikuwa lake, na alikuwa hai. Kuuliza si ujinga, tumefundishwa. Nikamweleza kwa simu yote mawili, polepole, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemlegeza mdomo. Alinisikiliza macho yakiwa kwangu. Kisha akageuza shingo kidogo. Pengine aliitazama picha ukutani, pengine shingo ilimuuma. Akasema:

"Nataka liwe lile lile."

Akaanza kukohoa. Mhudumu akaichukua simu.

Wewe Kiswahili chako ni cha kusikia, kwa hiyo nikufafanulie. "Lile lile" ni kile kile cha jana, kisichobadilika. Kwa maana hiyo mjomba alisema: liacheni kama lilivyo. Lakini "lile" pia ni kile cha pale, unachokielekezea kidole, na ukilirudia unakazia: lile hasa, lile la picha. Kwa maana hiyo mjomba alisema: lifanyeni liwe la mashindano. Maneno ni hayo hayo mawili. Ningekuwa nimekulia Tanga pengine sikio langu lingejua. Mimi nimekulia Guildford. Nilirudi nyumbani nikawa nayatamka bafuni, mara nikikaza sauti kwenye la kwanza, mara kwenye la pili, mpaka mama akagonga mlango kuuliza nani nagombana naye.

Nilimuuliza mama. Akasema, "Huo ni wasia, Salimu. Wasia haupindwi. Fanya alichosema."

"Amesema nini, mama?"

"Si amesema liwe lile lile?"

Hapo ndipo nilipoanza kukata tamaa.

Ungedhani dawa ni rahisi: rudi, muulize tena. Nilirudi. Nilirudi mpaka walinzi wakanijua. Kila nikifika dirishani niliuliza swali lile kwa sura mpya. Mjomba, lile la zamani au lile la picha? Mjomba, tikisa kichwa nikisema moja. Mjomba, inua kidole. Naye alikuwa akizidi kudhoofu, sauti imebaki pumzi. Siku nyingine alitikisa kichwa kwa yote mawili. Siku nyingine alinitazama tu. Mara moja alisema "mama yako", nami nikadhani ananiambia nikamuulize mama, nikajibu, "Nimeshamuuliza, mjomba, naye hajui." Akafumba macho.

Halafu mitaa yetu ikafungwa. Guildford, Fairfield, Mount Druitt, helikopta za polisi juu ya mapaa kutwa nzima kana kwamba sisi ndio ugonjwa. Hata dirisha likawa halifikiki. Na humo humo ndani ya kufungwa huko mjomba akafa. Tulimzika wachache, tumevaa barakoa, tumesimama mbali mbali kama watu waliokosana. Mama alitaka kunishika mkono akakumbuka amri, akaurudisha mkono ndani ya kanga.

Baada ya mazishi alikuja Papa Bahati. Yeye ni jirani yetu, Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima, mcha Mungu wa kanisani, na ndiye aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ile ya wazee. Mara nyingi mkono uliomshikia mjomba simu ulikuwa wake. Alisimama nje ya geti, hakutaka kuingia. Nilimpa pole naye akanipa pole, kisha, kama kawaida yangu, nikamuuliza: yeye aliyekuwa ndani, alielewaje neno la mjomba? Lile lile lipi?

"Weye mutoto," alisema, "bado uko kwa ile gari?"

"Ni wasia, Papa."

"Bon. Kwetu tunasema ile ile, basi, haina shida. Gari iko gari. Lakini sikia. Mimi nilikuwa ndani. Kila siku unafika kwa dirisha, Muzee anafurahi, anasema mutoto wa dada yangu amekuja. Unamupigia. Ni gari. Kesho, gari. Ile siku anakuambia mama yako, alikuwa anataka umupe habari ya dada yake, kama anakula, kama analala. Weye unamujibu gari." Akashika vyuma vya geti. "Mutu anakufa, na mutoto wake anamufanyisha examen."

Mwanangu, nimewahi kufeli mitihani, na nimewahi kuandikiwa na waajiri kwamba hawanihitaji, lakini sijawahi kusikia neno lililoingia kama lile. Na alilisema kwa upole. Laiti angenitukana.

Kemeo la mzee ni dawa, lakini hata dawa humdhuru aliyeinywa vibaya. Mimi niliinywa vibaya. Watu husema mwenye kufikiri sana hatendi. Si kweli. Hutenda, ila hutenda siku aliyochoka kufikiri, na siku hiyo huwa ndiyo mbaya kuliko zote. Papa Bahati alitaka nijue nilichompokonya mjomba. Mimi nikasikia kwamba nimekawia kuamua. Asubuhi iliyofuata, sijala, sijanawa uso, nikampigia fundi Yusufu.

"Vile vifaa bado vipo?"

"Vipo."

"Kata."

"Una hakika? Juzi ulinipigia ukasema nisiguse. Kabla ya hapo ukasema niguse kidogo."

"Nimesema kata."

Nilijisikia mwepesi. Nikuambie ukweli, nilikula chakula cha mchana nikashiba. Nilijiona mtu mzima, mtu wa maamuzi. Haraka haina baraka, lakini hupunguza maumivu kwa saa chache, na ndiyo maana watu huipenda.

Gari lilirudi juu ya bredauni, lori la kubebea magari, mitaa ilipokwisha kufunguliwa. Sina la kumlaumu Yusufu, kazi aliifanya vizuri. Kijani cha limau kinachouma macho, mistari myeusi imenyooka, boneti ina tundu lake, viti vipya vyeusi. Majirani walitoka kupiga picha. Mama naye alitoka, kajitanda kanga yake ya msiba, akalizunguka bila kuligusa. Akafungua mlango wa dereva, akainamisha kichwa ndani, akavuta hewa. Alikuwa akitafuta udi. Kulikuwa na harufu ya gundi na rangi.

Akauliza, "Sefu alikaa wapi humu?"

Sikuwa na pa kumwonyesha. Viti vya zamani vilikuwa vimekwenda jalalani pamoja na bati lililokatwa. Alifunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, akaingia ndani. Hajawahi kupanda gari lile mpaka leo.

Nikajifariji kwamba basi angalau nimetimiza ile maana nyingine, lile la picha. Jumapili moja nikalipeleka kwenye uwanja wa maegesho wanakokutana wenye magari ya zamani. Wazee wa Kizungu waliliona kwa mbali wakaja karibu wanakimbia, nyuso zimewaka. Mmoja alivua kofia.

"Ni lenyewe?" aliniuliza.

"Hapana. Replika."

"Aa." Akavaa kofia. "Kazi nzuri, lakini." Wakasogea kwenye gari la pili.

Nilikaa ndani na injini inanguruma, nikaelewa nilichofanya. Mwiga tembo, unajua wenyewe walivyomalizia. Mjomba alikuwa na gari moja la kweli na picha moja ya kweli. Mimi nimebaki na kitu ambacho si lile, wala si lile. Hata kama neno lake lingekuwa na maana kumi, hakuna hata moja niliyoitimiza.

Ndiyo sababu lipo chini ya turubai. Nikiliuza nauza wasia. Nikiliendesha naendesha kosa.

Sasa nasaha, maana hukuniuliza ili nikulilie. Ukiwa na mgonjwa, mwanangu, acha maswali yako getini. Mpe habari za nyumbani. Mwambie dada yake amekula nini. Anayekufa hana deni la kukutatulia mashaka yako, na kama ana neno la kukuachia, atalisema akiona umekaa kumsikiliza yeye. Pili, usipolielewa neno la mkubwa, usikate. Paka mafuta kutu isiendelee, funika, ngoja. Wengi watakuambia kungoja ni uoga, nami nilikuwa mwoga kweli, lakini uoga wangu ulikuwa bado haujaharibu kitu mpaka siku nilipojitia ujasiri. Bati lililoliwa na kutu lina kiraka. Bati lililotupwa halina. Na siku utakayojisikia umechoka kuwaza na unataka tu jambo liishe, siku hiyo usimpigie fundi yeyote simu.

Siahidi kwamba ukiyashika haya utapata amani. Mimi nayajua yote na sijaipata. Bado kuna asubuhi nayatamka yale maneno mawili nikinyoa ndevu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio la kusikia watu wako wakiwa bado upande huu wa kioo. Akuzidishie wakubwa wanaomaliza sentensi zao, na wasiozimaliza akupe moyo wa kukaa nao kimya. Akuepushe na hakika ya mtu aliyechoka. Na pale atakapokunyima jibu, akushike mkono wako usikate. Amina.