Kompasi ya Madame Adolphine

Katika shule moja ya Kadutu, mjini Bukavu, juu kidogo ya soko, kulikuwa na sheria ambayo hakuna serikali iliyoiandika. Katika saa ya Madame Adolphine, mwanafunzi aliyesema "siwezi" alinyoosha mkono mwenyewe, kiganja juu, akangoja. Madame hakuwa na fimbo. Alikuwa na kompasi ya mbao, ile kubwa ya kuchorea duara ubaoni, mguu mmoja una chaki na mwingine una ncha ya chuma. Aliikunja miguu ikashikana, akaipandisha, akaishusha. Watoto walisema inauma mara mbili, na hesabu hiyo angalau hawakuikosea.

Msiharakishe kumlaani. Au mlaanini, lakini sikieni kwanza alikotoka.

Alizaliwa kijijini Miti, kwenye barabara ya Kavumu, kwa mzee Philémon, mkulima wa maharage. Alipomaliza darasa la nane, walimu walimwelekeza section ya Math-Physique, mchepuo wa hisabati na fizikia, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na wanane. Alirudi nyumbani mbio na karatasi yake. Baba akaisoma, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya jiwe isipeperuke, kisha akachukua mpini wa jembe. Alimpiga mpaka mpini ukavunjika, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kikavunjika nao. Kesho yake msichana alishuka Bukavu kwa miguu, kidole kimefungwa kwa ganda la mgomba, akaenda kwa shangazi yake, na Miti hakurudi tena mpaka siku ya kumzika Philémon.

Kidole kiliunga kikiwa kimepinda. Hadi leo hushika chaki kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kaa la moto. Lakini Math-Physique aliimaliza, chuo cha ualimu akakimaliza, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha hisabati shuleni pale. Kutoka kwa baba yake alirithi kitu kimoja tu, imani kwamba kipigo ndicho kilichompa miguu. "Samaki mkunje angali mbichi," alipenda kusema. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba samaki naye ana mifupa.

Mwezi wa pili, mji ulipobadilisha wenye bunduki, risasi zilipita juu ya bati la shule. Kioo cha dirisha kilipasuka, kikamchana mvulana mmoja shavu mpaka meno yakaonekana. Watoto wakajitupa chini. Adolphine naye akalala kati ya madawati, akalikandamiza shavu lile kwa kitambaa chake cha kichwa, damu ikimjaa mkononi, na somo akaendelea nalo.

"Kichwa chini, masikio juu! A plus B au carré iko ngapi?"

Kutoka chini ya dawati la mwisho sauti ikakifungua kile kipeo cha pili bila kutetemeka: "A carré plus deux AB plus B carré, madame."

Ilikuwa sauti ya Charlène, miaka kumi na minne. Mama yake alikufa mwaka wa mvua nyingi, kilima kiliposhuka na nyumba yao. Walimchimbua chini ya ukuta, unga wa muhogo ungali mikononi. Tangu siku ile mtoto alilelewa na mjomba wake Télesphore, muuza nyama wa sokoni. Siku moja alibaki nyuma darasani, akauliza, "Madame, kilima kinaanza kushuka kikiwa na pembe ngapi?"

Adolphine hakujua. Alimwambia tu kwamba jibu liko mbele, kwenye Math-Physique: saa saba za hisabati kila juma, trigonometria, kisha analyse, na baada ya hapo chuo cha wajenzi. Akamwambia pia ukweli wenyewe, kwamba mlango huo hufungwa mwisho wa darasa la nane. Anayeandikwa Coupe-Couture atashona vizuri, lakini njia ya kurudi kwenye hesabu hakuna. Kuanzia hapo mwalimu alimtaka mtoto yule kwa namna ambayo ilimtisha hata yeye mwenyewe. Na kwa sababu alimtaka sana, mwezi wa tano, Charlène aliposahau alama moja ya kutoa, alimpiga mbili za kiganja. Mtoto hakulia. Adolphine akafurahi, akasema moyoni, huyu ni wangu.

Sheria ya shule ilikuwa hivi: mlezi anatia sahihi kwenye karatasi ya orientation, ile ya kuchagua mchepuo, mwanafunzi anaandika section kwa mkono wake, na Jumamosi, siku ya proclamation, majina yanasomwa mbele ya wazazi. Ijumaa mchana Charlène alikuja bila sahihi. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba, cheusi.

"Tonton amenipiga na panga," alisema, akimaanisha mjomba wake. "Na mugongo yake tu, haikukata. Anasema mashini ya kushona iko inaningoja."

Adolphine alichukua kompasi, akashuka nayo sokoni mguu mosi mguu pili, mtoto akikimbia nyuma yake.

Télesphore alikuwa akikata mbavu. Hakuinua uso.

"Madame, mutoto iko wangu. Weye, kwako kuko wangapi?"

"Tia signature."

"Nani ataoa mwanamuke wa mahesabu? Wewe nani alikuoa?"

Adolphine akaitupa karatasi juu ya gogo la nyama. Télesphore akaipangusa kama nzi, kisha akamshika nywele, akamgonga paji la uso kwenye nguzo ya kibanda. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili damu ikamwingia machoni, na kicheko kikakoma. Mara ya tatu haikufika. Adolphine aliutafuta mkono wa kushoto wa yule bwana, uliokuwa umeegemea gogo, akaipigilia ile ncha ya chuma katikati yake mpaka ikakwama kwenye mti.

Mlio aliotoa Télesphore ulisikika hadi kwa wauza samaki. Panga likaanguka kutoka juu ya gogo. Adolphine akaegemea kompasi kwa uzito wake wote, damu ikimdondoka kutoka kidevuni.

"Huu mukono ingine iko muzima," alisema, akahema. "Andika. Ao nachora rond."

Akaandika. Sahihi ilikwenda upande kama mlevi, lakini ilikuwa sahihi. Adolphine alipogeuka kwa furaha, alimwona Charlène amejibana nyuma ya paja la ng'ombe lililoning'inia, mkono mzima ameuinua kufunika kichwa. Alidhani anamwogopa mjomba wake.

Jumamosi ua ulijaa. Waliofaulu walikwisha kumwagiana poda ya shangwe vichwani, weupe mpaka kope, wakiimba. Préfet Polycarpe, mkuu wa shule, alisimama na orodha yake, akakuta karatasi moja ina sahihi, ila nafasi ya section ni tupu. Akamwita Charlène. Adolphine, bandeji kichwani na kompasi kwapani kama kawaida yake, akasogea karibu kushuhudia.

"Andika, binti. Batu banangoja."

"Nitaandika Coupe-Couture," alisema Charlène.

Adolphine alihisi nguzo ya kibanda kwenye paji la uso, mara ya tatu. "Juu ya nini? Si amesha kutia signature? Nani amekutisha?"

Mtoto alimtazama moja kwa moja, na hilo halikuwahi kutokea.

"Madame wa couture hapige batoto. Kwetu tonton ananipiga. Hapa weye unanipiga. Jana niliwaangalia mukipigana, nikaona mikono yenu iko moja."

Pembeni ya ua palikuwa na mama mmoja anayekaanga mikate, mafuta yakichemka. Adolphine alikwenda pale kama aliyesukumwa, akaisukumiza kompasi motoni chini ya sufuria.

"Madame!" Préfet akapiga kelele. "Ile iko matériel ya shule!"

Mbao ilikuwa kavu, ya miaka mingi. Ikashika moto upesi. Wote walitazama mpaka ncha ya chuma ikaanguka peke yake kwenye majivu.

"Na mukono?" aliuliza Charlène.

"Mukono gani?"

"Wako. Tonton akipoteza fimbo, anapiga na mukono."

Adolphine aliutazama mkono wake. Aliona aibu, aibu iliyowaka kuliko lile jeraha la kichwani, na akasema ukweli kwa sababu uongo haukumjia.

"Huu siwezi kuuchoma, mwanangu."

Lile neno "siwezi" likawa limetoka. Darasa zima la nane lililisikia. Mvulana mwenye kovu la shavu akaziba mdomo. Na Adolphine, aliyeitunga sheria ile, akajua kinachofuata. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kidole kimepinda, akangoja.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Charlène hakuharakisha. Adolphine akasikia ule urefu wa kungoja ambao aliujua Miti na akausahau siku alipopata cha kushika. Vizazi vya watoto vilikuwa vimengoja hivi mbele yake, naye alikuwa akitazama ubao.

Kitu chepesi kikaanguka kiganjani. Ilikuwa kalamu ya bic.

"Andika weye, madame. Mukono wangu haushike, unauma," alisema Charlène. "Lakini siku utanipiga, nitatoka, na sitarudia hapa."

Adolphine akaandika Math-Physique, kwa vidole viwili, na ilimbidi apanguse macho mara mbili ili aione nafasi yenyewe.