Mrithi wa Mjomba Jonasi

Eliya Mihambo alizaliwa kijijini Ziba, kwenye mji wa wajomba zake, kwa sababu aliyempa mama yake mimba hakurudi kutoa mahari. Kwa mila ya pale, mtoto wa namna hiyo ni wa upande wa mama. Mama mwenyewe, Yustina, hakuachwa asahau. Alikula baada ya wake wa kaka zake, na walipokuja wageni, yeye ndiye aliyetumwa kisimani.

Eliya alilelewa na mjomba wake mkubwa, Jonasi, na mkewe Bertila, ambao Mungu hakuwajalia mtoto. Jonasi aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine mpaka kijana akamaliza masomo ya sheria. Eliya akafungua ofisi Gongoni, mjini Tabora, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akamwoa Stela, akajulikana mjini kwa kuwatetea wajane waliofukuzwa na shemeji zao.

Jonasi alipougua walimleta Tabora. Alifia wodini, hospitali ya Kitete, Bertila akiwa amemshika miguu. Wakamrudisha Ziba, wakamzika. Baada ya matanga ukoo ulikaa, na mdogo wa marehemu, Tobias, ndiye aliyesema.

"Eliya, jina la mjomba wako ni lako. Mji, mashamba na ng'ombe ni vyako. Shemeji yetu Bertila tunamshukuru. Atarudi kwao Urambo."

Bertila alikuwa mkekani, ameinamisha uso. Kwao Urambo hakukuwa tena na mtu. Hata nyumba ya kaka yake ilikwisha kuanguka. Kando yake alikaa Yustina, na yeye siku hiyo aliinua kichwa. Tangu amzae Eliya hakuwahi kuitwa kwenye kikao cha ukoo.

"Mjomba," Eliya akasema, "nikipokea mji, mama huyu atabaki ndani yake."

"Mrithi hapokei nusu ya neno la ukoo. Babu wa babu yetu alibeba mizigo ya Waarabu hadi pwani, akarudi na majembe, akafyeka hapa. Hakufyeka kwa ajili ya mtu wa Urambo."

Eliya aliomba muda wa kufikiri. Kabla hajajibu, Tobias aliingiza ng'ombe kwenye mahindi ya Bertila na kufunga mlango wa nyumba kwa kufuli. Bertila akalala kanisani, kisha akaenda mahakamani. Tobias alijibu kwa neno moja tu: mrithi yupo, ni Eliya, na mjane hana lake.

Eliya asingeweza kumtetea katika shauri linalohusu urithi wake mwenyewe. Alimkabidhi shauri wakili mwenzake, Asmahani, na yeye mwenyewe akakubali kuwa shahidi. Stela alipokuwa akimpigia pasi shati alimwuliza, "Mama yako utamwambia nini?"

"Sijui."

"Basi mwambie kabla hajasikia kwa watu."

Akaenda Ziba. Yustina alimsikiliza hadi mwisho, akipepeta mpunga.

"Mimi nimekuwa mgeni katika mji wa baba yangu miaka yote hii," akasema. "Nilingoja siku utakapoingia, nami niingie nyuma yako. Bertila ana wakili. Mimi nina nani?"

Eliya alikuwa amezungumza na wajane wengi, na hakuna hata siku moja aliyowahi kumwuliza mama yake anaishije.

Kizimbani, wakili wa Tobias alimwuliza: "Kwa mila ya ukoo wenu, mrithi wa marehemu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na unaiomba mahakama ikunyime?"

"Naiomba impe aliyelima."

Mahakama ilimpa Bertila nyumba na mashamba aliyofyeka pamoja na mumewe. Ardhi ya zamani ilibaki kwa ukoo, ikawa ya Tobias. Ng'ombe hawakupatikana, walikwisha kuuzwa. Eliya hakupata kitu, na ukoo ukaacha kumwita kwenye misiba. Tobias alipozeeka na kufa, Eliya alisimama nyuma kabisa makaburini, na hakuna aliyempa koleo.

Baada ya hukumu Yustina hakufukuzwa, ila maisha yake kwa Tobias yalizidi kuwa machungu. Asubuhi moja Bertila alimfuata, akabeba godoro lake kichwani, akamwambia, "Twende, wifi. Nyumba ni kubwa." Wakaishi pamoja wakilima viazi.

Eliya sasa ana mvi. Huja Ziba kila apatapo nafasi, na mara ya mwisho alimkuta mama yake peke yake uani, akimenya viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Yustina akamsogezea kigoda kwa mguu, akampa kisu na sehemu ya viazi. Wakamenya pamoja mpaka Bertila aliporudi kutoka shambani.