Siku Niliyofanywa Protini Mbarara

Chekeni tu, nimeshazoea, hata watoto wanaochota maji pale bombani wananiita Protini, lakini leo nasema mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia habari hii ikiongezwa chumvi na watu ambao hata hawakuwepo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa kambini Nakivale kufika sokoni Rwekubo kwangu ni safari tosha, Mbarara mjini ni ya mgonjwa na mwenye kesi. Lakini Furaha, binti ya dada yangu, anasoma huko, na siku ya wazazi, wanafunzi wa sayansi walikuwa wanaonyesha kazi zao, na mmoja tu angechaguliwa kwenda Kampala kushindana na shule zingine. Mtoto aliitaka ile nafasi mpaka usingizi ukamkimbia. Akanipigia simu mimi mjomba wake: "Tonton, kuya unisaidie. Kazi yako ni kushika tu." (Kushika tu! Mmesikia?)

Maelezo yake niliyaelewa, msinidharau, sekondari nilimaliza. Ndani ya bakteria kuna kiwanda kidogo kinaitwa ribosomu, kinatengeneza protini, na mnyororo wake unatokea kwenye kitundu polepole, bado haujajikunja, una sehemu zinazokimbia maji na kunata kwa chochote zinachokutana nacho. Kwa hiyo pale kwenye kitundu anakaa protini mwingine, mlezi, ameinama mikono wazi, anazikumbatia zile sehemu zisinatane ovyo, halafu anaachia, mnyororo unajikunja wenyewe.

Ribosomu ilikuwa katoni kubwa yenye kitundu, Furaha amejificha nyuma yake akisukuma mnyororo utokee. Mnyororo ulikuwa kitambaa cha kitenge, kirefu, zile sehemu za kunata Furaha kazipaka ulimbo wa fenesi. Mlezi, basi, ni mimi, nimechuchumaa, makalio yameelekea wageni wa heshima (hilo hakuna aliyeniambia mapema). Akanipaka mafuta ya kupikia mikononi, kama mtu anayekata fenesi.

Ndipo mkuu wa shule akapita akininyooshea mkono. Sasa niambieni, ninyi mngemsalimia mkuu wa shule na mikono ya mafuta kama mkaanga chapati? Nikajifuta. Vizuri, mpaka katikati ya vidole.

Mnyororo ukaanza kutoka. Sehemu ya kwanza nikaidaka. Ya pili ikaja ikanata juu ya ya kwanza, na zote mbili kwenye viganja vyangu.

"Tonton, achia!"

"Haitoke!"

Nikavuta kwa meno, ya tatu ikashika ndevu. Nikasimama, katoni ikaja nayo, Furaha akabaki wazi nyuma yake amekumbatia kitambaa kilichobaki, na mkia wa kitambaa ukarukia gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ya mama mmoja, na huyo mama, kwa bahati yangu, ndiye mwamuzi.

"Ssebo, bwana, niachie!"

"Mama, ni wewe umenishika!"

Ukumbi mzima ulicheka, mapadri wa shule wakiwemo. Nilimwona Furaha macho yamejaa machozi, nikajua Kampala yake nimeiua kwa mikono yangu. Halafu yule mtoto akajifuta uso, akapanda juu ya kiti: "Waheshimiwa, mnayemwona ni mlezi aliyeharibika. Ameshika, hawezi kuachia, minyororo imegandana donge, na hivi ndivyo seli inavyougua."

Makofi! Na mwamuzi, bado amenatana na mimi, akatikisa kichwa kwa furaha: "Huyu muzee anaigiza muzuri sana!"

Kuigiza! Mtu nalia na ndevu zangu, wananiambia naigiza! Na Furaha, bila aibu: "Tulifanya mazoezi mingi, mama."

Akachaguliwa yeye. Mimi nilirudi nanuka mafuta ya taa waliyonibandulia ule ulimbo, ndevu nusu. Nilifikiri yameisha, kumbe juzi kanipigia: waamuzi wanataka mchezo ule ule huko Kampala, na muzee yule yule. Nimeapa sitoki tena Nakivale kwa ajili ya sayansi. Nikamwambia nina malaria.

"Tangu lini, Tonton?"

"Itaanza siku hiyo."